Ngozi ya Ndama wa Dheero

Mvua iliporudi, Garissa nzima ilishukuru. Hata wale ambao Mto Tana uliwazolea mashamba walisema alhamdulillahi kwanza, ndipo wakalia. Nasteha naye alitoka nje ya duka lake la ushonaji, akasimama kwenye matone pamoja na watu wengine wa soko, nguo zikamgandama mwilini, akacheka. Lakini tangu siku hizo kiti chake kilikuwa kama kimeota miiba. Alishona mshono mmoja, akainuka, akachungulia barabarani, akarudi, akapanga upya vitambaa ambavyo alikuwa amekwisha kuvipanga. Jirani yake, muuza viatu, alimuuliza kama kuna mgeni anayemngoja. Alijibu hapana. Kweli ilikuwa kwamba alihofu mdogo wake Mowlid asije akaleta gunia jingine la ngozi, na papo hapo alihofu asilete.

Ngozi hizo zilianza wakati wa ukame. Msimu baada ya msimu mvua ilikataa, na Mowlid, aliyekuwa akichunga mbuzi wa marehemu baba yao upande wa Modogashe, aliwaona wakimwishia mbele ya macho. Walitangulia wale wachanga, kwa kuwa mama zao hawakuwa na tone la maziwa. Wafugaji wengine walifikia hatua ya kuwaua wenyewe wanapozaliwa tu, ili mama apate nguvu za kusimama. Siku moja Mowlid aliingia dukani kwa dada yake, midomo imempasuka, gunia begani. Ndani mlikuwa na ngozi za wanambuzi, nyeupe pe, manyoya yake laini kama pamba iliyochambuliwa. Hakuwa na sababu ya kuzichuna. Alisema alishindwa tu kuondoka pale mikono mitupu.

Nasteha alikuwa mshonaji wa sare za shule na madera ya kina mama, ngozi hakuijua. Aliwauliza mabibi wa mtaani, wakamfundisha chumvi, magome ya mgunga, na kusugua, kusugua mpaka viganja viwake moto. Alimwuliza pia sheikh, akaambiwa kwamba ngozi ya mzoga ikidabighiwa, yaani ikitengenezwa mpaka uvundo wake ukaisha, hutoharika na mtu anaweza kuivaa. Basi akazishona kwenye ukosi na mikono ya abaya ya bibi harusi mmoja aliyekuwa akienda kuolewa Nairobi. Garissa kwenyewe hakuna wa kuvaa manyoya. Jua la hapa lingempika mtu ndani ya nguo. Lakini kumbi za harusi za Nairobi zina viyoyozi, na bibi harusi yule alipoingia, wanawake waliacha kula wakamtazama mikono.

Mmoja wa wanawake hao alikuwa Idil, mwenye duka la mavazi ya gharama pale jijini, ambaye baadhi ya wateja wake walikuwa wa ng'ambo. Alizaliwa na kukulia Nairobi, Kisomali chake kilikuwa cha kubahatisha, kwa hiyo alipofunga safari hadi Garissa walizungumza Kiswahili, yeye kile chake chenye Sheng, Nasteha kile chake cha sokoni. Swali lake la kwanza halikuwa bei. Aliuliza kama wanyama wale walichinjwa. Nasteha akamweleza walivyokufa, akaona uso wa yule msichana ukifunguka. Idil alisema kwamba huko duniani watu wameanza kuona haya kuvaa manyoya. Wamejionea kwenye simu zao wanyama waliofungiwa vizimbani, wanafugwa na kuuawa kwa ajili ya makoti tu, na siku hizi anayelivaa koti la namna hiyo hutukanwa njiani.

"Lakini hawa hawana dhambi ya mtu, dada," alisema, ngozi ameiweka shavuni. "Hawa wamekufa wenyewe."

Akachapisha lebo za kitambaa, fupi kama kidole gumba, zilizosema kwamba mnyama huyu alikufa kwa ukame na kwamba hakuna aliyeuawa kwa ajili ya vazi hili. Nasteha alizishona kwa mkono ndani ya kila vazi, upande wa moyo. Alijivunia kazi ile. Watu walikuwa wakiomboleza mifugo yao, na yeye alikuwa amepata cha kuokoa kutoka katika msiba wenyewe. Mowlid, ambaye hakubakiwa na mbuzi hata wa kufungia kamba, akanunua pikapu kuukuu, akawa anazunguka maboma ya wafugaji hadi kuelekea Diff, mpakani, akikusanya ngozi za waliokufa. Mashavu yalimrudi kidogo. Akaanza tena kutania watu.

Kisha mvua ikanyesha, nyasi zikaota, mbuzi waliosalia wakazaa mapacha, na ngozi hazikupungua.

Hilo ndilo lililomkosesha Nasteha utulivu. Ngozi za ukame zilikuwa nyembamba, kavu, zenye mabaka mahali ambapo kupe walimla mnyama asiye na nguvu za kujikuna. Hizi mpya zilikuwa nzito, manyoya yanang'aa, ngozi za watoto walioshiba. Zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kuzishika, na hapo ndipo palipomuuma, kwa sababu mikono yake ilizipenda. Siku moja aliigeuza mojawapo aioshe upande wa ndani, akaona shingoni mpasuo ulionyooka, kazi ya kisu kikali. Akageuza ya pili. Akageuza nyingine, kisha akaacha kugeuza. Tangu hapo alizikata kwa namna ambayo mpasuo uliangukia kwenye mshono, mahali jicho la mteja lisipofika, akaendelea kushona lebo.

Mwishowe alimuuliza Mowlid. Hakumuuliza vizuri; alimtupia neno huku akihangaika kutafuta mkasi uliokuwa mkononi mwake mwenyewe. Mowlid hakukana.

"Ni madume, abaayo," alisema, akimwita dada yake kwa upole kama alivyozoea tangu utoto. "Majike siwagusi. Dume atachinjwa tu, kama si leo ni mwakani. Wewe mchana umekula nini?"

Alikuwa amekula wali na nyama ya mbuzi. Mowlid akaendelea kumweleza, bila hasira, kwamba wenye mifugo wanafurahi: mtoto akiondoka, maziwa ya mama yake yanabaki kwa watu na kwa soko, na ngozi ya kichanga inamfaa mfugaji kuliko kumlisha dume mwaka mzima akisubiri mnunuzi. Hakuna aliyelazimishwa. Baba yao angekuwa hai, alisema, asingeona ajabu. Nasteha alijua kuna tofauti kati ya mbuzi anayechinjiwa mgeni, watu wakala wakashiba, na kitoto ambacho hakijakauka ute wa tumbo la mama yake. Lakini kila alipotaka kuitia tofauti hiyo katika maneno ilimponyoka. Akanyamaza. Mowlid akauchukua ukimya ule kuwa kibali, akapakua gunia, akaenda zake.

Halafu Idil akapiga simu. Kulikuwa na maonyesho ya mitindo Nairobi, wageni wangetoka nje ya nchi, naye alitaka koti moja la kufungia maonyesho, koti la kuwafanya watu wasimame. Alikuwa amesikia kwamba mtoto wa ngamia huzaliwa na manyoya marefu ya mawimbi, mengine meupe kama maziwa. Aliuliza kama hakuna aliyekufa karibuni. Nasteha alijibu kwamba sasa malisho yamejaa, hawafi ovyo. Idil akacheka kidogo, akasema Mowlid atajua la kufanya.

Mowlid alijua. Aliileta ngozi ikiwa mbichi, imefungwa kwenye gunia pamoja na chumvi, na Nasteha alipoikunjua sakafuni alivuta pumzi kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Manyoya yalijikunja mawimbi kwa mawimbi, meupe yenye wekundu wa mbali kwenye ncha, na alipopitisha kiganja yalilala, alipokiondoa yakainuka tena. Mpasuo wa shingoni ulikuwepo. Hakuuliza ngozi imetoka wapi, Mowlid naye hakusema.

Aliifanyia kazi wiki kadhaa. Aliiosha, akailainisha, akaikata, na kadiri koti lilivyoumbika ndivyo alivyozidi kuhangaika. Usingizi ulimjia mapandemapande, chakula alikionja tu, na miguu ilimpeleka mlangoni bila ya kumtaka ruhusa. Lakini mikono haikutetemeka hata mara moja. Lilikuwa koti refu la sufu nyeusi, na kutoka kwenye ukosi hadi kiunoni lilishuka lile povu la manyoya. Hakuwahi kushona kitu cha kulifikia. Alipomaliza alitia lebo, akalitundika, akalitazama kitambo, kisha akainuka ghafla akalifunika shuka.

Lilikuwa bado chini ya shuka wakati eeddo Ramlo alipoingia dukani. Eeddo ni shangazi, na huyu ndiye dada ya baba yao aliyewalea Nasteha na Mowlid mama yao alipofariki. Hakuwa mtu wa kuja mjini. Alikuwa amepanda lori la mifugo kutoka Modogashe, vumbi limemtanda hadi kwenye kope, na kabla hajamaliza maji aliyopewa akaeleza shida yake.

Alikuwa amekwenda Elwak kumuuguza binti yake aliyejifungua kwa taabu, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi, mwanawe Olow alimweleza kwamba Dheero amezaa na mtoto amekufa. Dheero alikuwa ngamia wake, aliyeitwa hivyo kwa urefu wake, na maziwa yake ndiyo yaliyokuwa chai, chakula na biashara ya mama huyo. Yeye kwa kifo hakuwa na neno. Mungu ametoa, Mungu amechukua. Aliyekataa alikuwa ngamia. Alilia tangu alfajiri, akirudi kila siku mahali alipozalia, na aliyemsogelea na chombo cha kukamulia alipata teke. Walimletea ndama wa ngamia mwingine, akamwuma sikio. Na kiwele kilikuwa kikikauka. Huko malishoni kila mtu anajua dawa ya jambo hilo: ndama akifa, ngozi yake hutunzwa, na wakati wa kukamua mama huletewa ainuse. Akipata harufu ya mwanawe moyo humlainika na maziwa yakashuka. Olow alikuwa amemwambia mama yake kwamba ngozi ilichukuliwa na Mowlid, ikaletwa Garissa kwa Nasteha.

"Sikuja kudai, mwanangu," alisema eeddo Ramlo. "Nimekuja kuazima. Akishatulia nitakurudishia."

Nasteha alisimama kwenye kabati la vitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Angeweza kusema ngozi imeshapelekwa Nairobi. Maneno yalimfika hadi kwenye meno. Badala yake alivuta shuka, akalitoa koti, akaliweka mapajani mwa shangazi yake. Eeddo Ramlo aliligeuzageuza akitafuta ngozi, kwa sababu hakuelewa mara moja kwamba ndiyo hiyo aliyoishika. Alipoelewa alipitisha mkono juu yake taratibu, kama anayempapasa mtoto wa mwenyeji ugenini, kisha akainamisha uso akanusa.

Alisema inanuka duka. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akaisifu kazi, akasema mikono ya Nasteha ni ya marehemu mama yake. Pengine Dheero angeijua hata hivyo, alisema. Ngamia si mtu wa kusahau.

Koti lilitakiwa lisafirishwe kwa basi kesho yake. Nasteha hakulitaja hilo. Alimpigia Mowlid simu, akamwambia alete pikapu, eeddo yupo na anataka kurudi nyumbani. Mowlid alifika akitabasamu. Alipoona koti limefungwa kwenye shuka chini ya kwapa la dada yake, tabasamu lilimkauka, lakini angemwambia nini mwanamke aliyembeba mgongoni? Alifungua mlango.

Barabarani watatu hao walikaa kiti kimoja, eeddo Ramlo katikati. Yeye ndiye aliyezungumza. Aliwaeleza habari za Elwak, mjukuu mpya, bei ya sukari mpakani, na jinsi Mowlid alipokuwa mdogo alivyokuwa akilala na wanambuzi ndani ya zizi lao mpaka walipomtoa kwa nguvu akiwa na viroboto mwili mzima. Alicheka peke yake. Pande zote mbili za njia migunga ilikuwa imevaa kijani, madimbwi yalimetameta, punda wamenenepa. Nasteha alitazama yote hayo asiyaone. Simu ilitetemeka mkobani, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Alijua ni Idil. Kila mara alipodhani Mowlid angefungua kinywa, Mowlid alibadilisha gia.

Walimkuta Dheero amesimama peke yake, mbali na wenzake, jicho amelielekeza mahali ambapo majani yalikuwa yamelala, pale alipozalia. Aliposikia sauti ya eeddo Ramlo aligeuza shingo akatoa mlio wa chini, mrefu, uliotoka mbali ndani ya kifua. Nasteha alisogea na koti, amelikunjua upande wa manyoya. Ngamia alinyoosha shingo, pua zikafunguka zikafunga. Alinusa ukosi, akanusa mkono, akashusha mdomo hadi kifuani mwa koti, akabaki hapo, na Nasteha akaanza kuomba kimoyomoyo. Kisha Dheero akapiga chafya, akageuza kichwa, akaendelea kutazama pale alipokuwa akitazama.

Magome, sabuni na chumvi vilikuwa vimefanya kazi yake. Ndama hakuwemo tena mle.

Eeddo Ramlo alijifunga kanga kiunoni. Aliyetembea ni Mowlid. Alikwenda kwenye pikapu, akavuta kutoka nyuma ya kiti gunia lililokakamaa kwa damu na chumvi, lile lile alilobebea ngozi ikiwa mbichi, nywele chache bado zimenasa kwenye nyuzi zake. Alilileta amelitenga na mwili wake. Hakufika nusu ya njia, kwa maana Dheero alimfuata yeye. Alimjia kwa hatua ndefu, akatumbukiza pua ndani ya gunia, na mwili wake mkubwa ukatetemeka mara moja toka shingoni hadi mkiani. Kisha akatoa sauti ambayo ngamia humtolea mtoto wake tu, ndogo kabisa, ya kushangaza kutoka kwa mnyama wa ukubwa ule. Eeddo Ramlo alikuwa amekwisha kufika ubavuni, amesimamia mguu mmoja, chombo kwenye goti la mguu wa pili, na maziwa yakaanza kugonga ndani.

"Mungu akubariki, mwanangu," eeddo Ramlo alimwambia Mowlid bila kugeuka. "Umetuokoa."

Mowlid alikuwa ameshikilia mdomo wa gunia, pumzi ya moto ya ngamia inampiga vidoleni.

"Hakufa, eeddo," Mowlid alisema. "Olow aliniuzia. Nilimchinja mimi, kwa ajili ya ngozi."

Mikono ya eeddo Ramlo haikusimama. Anayekamua akikatiza, ngamia naye hufunga maziwa, na huyu hakuwa mtu wa kuimwaga riziki kwa sababu ya hasira. Alikamua mpaka povu likapanda, na alipozungumza sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeuliza habari za njiani.

"Mlimla?"

"Hapana."

"Nyama yake?"

Mowlid alieleza kwamba ilikuwa kidogo na laini mno, haikuwa nyama ya kupikwa, waliiacha porini. Eeddo Ramlo alimaliza chuchu aliyokuwa nayo akahamia nyingine. Alisema amechinja tangu akiwa msichana. Alisema mwaka wa ukame aliwavunja shingo wanambuzi kwa mikono hii hii, mmoja baada ya mwingine, ili mama zao waishi, na aliwalilia. Kama wangemwambia walikuwa na njaa, asingeuliza zaidi. Kisha akamtazama Nasteha kwa mara ya kwanza tangu Mowlid aseme, akamuuliza kama naye alijua.

Nasteha alitaka kujibu kwamba hakuuliza. Ilikuwa kweli, na lingekuwa jibu jepesi.

"Nilijua," alisema. "Niliuona mpasuo."

Eeddo Ramlo alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Alishusha mguu, akamimina maziwa kwenye vikombe vya bati, akawapa wote wawili, kwa sababu walikuwa wageni kwake na walikuwa wamesafiri. Yalikuwa ya moto bado. Nasteha aliyanywa yote bila kupumzika. Mowlid alikishika kikombe chake mpaka povu likazama, na shangazi yao alisimama mbele yake akingoja.

"Kunywa," alimwambia. "Usiyamwage na haya."

Akanywa. Gunia lilibaki pale, na jioni hiyo Olow aliporudi na ngamia wengine alilikuta limetundikwa mlangoni mwa mama yake, akaelewa, akapitiliza bila kusalimia.

Wakiwa njiani kurudi, Nasteha alipokea simu ya Idil hatimaye. Alimweleza yote, moja baada ya jingine, kutoka ngozi za mvua ya kwanza hadi kwa Dheero. Idil akasema kwa sauti iliyochoka kwamba alikuwa amelihisi hilo, ila hakutaka kuambiwa. Hakuwa mtu mbaya. Alimkumbusha Nasteha kwamba ukame utarudi, haukwepeki. Na utakaporudi, ngozi za waliokufa kweli nani atazinunua ikiwa leo wamejiharibia jina kwa mikono yao? Na Mowlid je, akaombe? Nasteha alikiri kwamba hayo ni kweli. Alisema tu kwamba lebo hatashona tena. Angetuma koti, kwa kuwa Idil alikuwa amegharamia vitambaa, lakini lingekwenda bila lebo, na atakayeuliza aambiwe ndama alichinjwa. Idil alikubali upesi mno. Nasteha alifumua lebo kwa wembe, akalifunga koti, akalipeleka kituo cha basi yeye mwenyewe.

Siku ya maonyesho aliyatazama kwenye simu, amesimama mlangoni mwa duka. Msichana mrefu alitoka amelivaa koti, manyoya yakiinuka na kulala kwa kila hatua, na ukumbi mzima ukasimama. Nasteha alisisimka, na alijua kwamba kilichomsisimua kilikuwa fahari. Hakujidanganya kuhusu hilo. Kisha Idil akapewa kipaza sauti. Alieleza, machozi yakimlengalenga, kuhusu ukame wa kaskazini, na mizoga, na mama wa Garissa anayeokoa uzuri kutoka katika mauti. Alisema ndama huyu alikufa kwa kiu. Watu walipiga makofi mara ya pili.

Nasteha aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Kisha akaandika chini ya video ile, kwa Kiswahili chake cha sokoni, kwamba yeye ndiye mshonaji, kwamba ndama hakufa kwa ukame bali alichinjwa mvua ikinyesha, na kwamba mama yake bado anamtafuta.

Maneno yale yalifutwa kabla jua halijatua, lakini watu walikuwa wamekwisha kuyapiga picha. Hakuna aliyemtukana Idil. Walimtukana yeye. Wengine walimwita muuaji, wengine walimwita mwanamke wa wivu anayemharibia mwenzake, na wawili watatu walimwandikia faraghani wakiuliza kama anaweza kuwashonea koti la namna ile ile, hawajali ndama alikufaje. Hao ndio waliomkosesha usingizi. Mteja mkubwa wa ng'ambo alijiondoa, na Idil akapiga simu mara ya mwisho, hakupayuka, alisema tu kwamba alimwamini, kisha akakata. Baadaye Nasteha alisikia kwamba siku hizi duka lile linauza manyoya ya plastiki kutoka Uchina, na biashara haikuzorota.

Mowlid hakuja dukani miezi mingi. Nasteha alisikia habari zake kwa madereva: ameuza pikapu, hapana, hajaiuza, anabeba maji ya kuuza, kuna mnunuzi mwingine wa ngozi aliyepita Modogashe na Mowlid amekataa kumwonyesha njia, lakini mtu mwingine amemwonyesha. Eeddo Ramlo alituma maziwa mara mbili kwa lori. Kuhusu Dheero, wajumbe walisema anakamuliwa, na kwamba bado anakwenda pale alipozalia, ingawa hakai sana. Nasteha alirudia sare za shule. Zilikuwa kazi ya kueleweka, suruali ni suruali, na hata hivyo katikati ya mshono angejikuta amesimama mlangoni, sindano mkononi, asijue anatafuta nini.

Baada ya Idd Mowlid alikuja. Hakusalimia kwa utani wake wa zamani. Alishusha ngozi mlangoni, si za wachanga safari hii. Zilikuwa za mbuzi wakubwa na mabeberu, za kahawia na madoa, nzito, zinanuka, manyoya magumu kama ufagio. Alisema zimerundikana machinjioni baada ya sikukuu, hakuna anayezitaka, zinaoza tu.

"Hawa wameliwa," alisema. "Wengine nilikula mimi."

Nasteha alichuchumaa, akaigusa moja. Haikuwa ngozi ya ukosi wa bibi harusi wala ya koti la maonyesho. Pengine ya mkoba, pengine ya viatu, pengine si ya chochote. Alitaka kumwambia kwamba hajui kama anataka kushika ngozi tena maishani mwake, na alitaka kumuuliza kama amekula leo. Mowlid alikuwa amesimama juani, hakuingia kivulini, anabadilisha mguu huu na huu.

"Hizo zikikaa hapo zitaharibika," Nasteha alisema. Akainuka, akavaa viatu, akaenda kwa jirani kuuliza kama ana chumvi.